Höllental au Partnach? Korongo la Alps na mama mkwe, mwanzoni mwa Juni

#1 Mngoni_wa_Isar
Wakuu, habari za jioni. Niko München. Jumamosi ya kwanza ya Juni nataka kuipeleka familia Garmisch-Partenkirchen tukapite ndani ya korongo la mlimani. Asubuhi tunaondoka na treni, usiku tunalala kwetu. Mezani nina mawili: Höllentalklamm, juu ya kijiji cha Hammersbach, na Partnachklamm, nyuma ya uwanja wa kuruka na ski uliotumika kwenye Olimpiki ya 1936.

Timu ni mimi, mke wangu, binti wa miaka 8 na mama mkwe aliyetoka Songea kutusalimia. Ana miaka 61, miguu anayo, shamba analima mwenyewe, ila hataki kabisa kuangalia chini akiwa darajani. Moyo wangu uko Höllental. Lakini nimeona picha za mwezi Juni, ndani ya korongo kuna theluji imelala juu ya mto, imempita mtu kwa kimo, na huku mjini watu wanatembea na kaptula. Hiyo theluji inafanya nini pale mpaka Juni? Na muda unaoandikwa kwenye vibao vya njano vya njia za milimani ni wa watu wote au wa Wajerumani peke yao?

#2 Kibosho_Juu
Umetoka nchi yenye Kibo halafu unaogopa kamlima ambako kilele chake hakifiki hata Horombo? Zugspitze, mrefu kuliko yote Ujerumani, ni mita 2962. Horombo, kambi ya Kilimanjaro wageni wanapolala usiku wa pili, ni 3720. Nenda Höllental, mama mkwe mbebe mgongoni, ndoa itadumu.

#3 Nyakato_Jikoni
@Kibosho_Juu usimpoteze mwenzio. Njia ya Marangu unapanda siku nzima bila kushika kitu kwa mkono. Höllental unashika kamba ya chuma iliyolowa.

Mimi niko jikoni kwenye hoteli moja hapa Garmisch, siku za mapumziko napita huko. Partnach: kutoka uwanjani unatembea karibu nusu saa kwenye barabara ya lami, tambarare, na gari la farasi lipo kwa asiyetaka kutembea. Korongo lenyewe ni kama mita 700, kuta zinafika mita 80. Njia imechongwa ubavuni mwa mwamba, mto uko pembeni yako pale, si chini sana. Kuna vipande vya handaki ambavyo mtu mrefu anainamisha kichwa. Maji yanadondoka kutoka juu hata siku ya jua kali, kwa hiyo koti la mvua ni lazima. Mwavuli acha nyumbani, mtagombana na wanaopishana nanyi.

Höllental ni kazi nyingine. Stesheni ya Hammersbach iko mita 758, kibanda cha tiketi kiko 1045. Katikati hapo ni kupanda tu msituni, zaidi ya saa moja, na korongo bado hujaliona. Ukishaingia ni zaidi ya kilomita moja ya mahandaki, ngazi na madaraja, povu la maji linakurukia usoni. Ni pazuri kuliko Partnach, sitaki kudanganya. Kwa huyo mama asiyependa kuangalia chini, mpeleke Partnach.

#4 Fundi_Ramani
Kuhusu vibao vya njano. Hawakadirii kwa macho, wana kanuni: kupanda mita 300 kwa saa, kushuka mita 500 kwa saa, tambarare kilomita 4 kwa saa. Unapiga hesabu ya kupanda peke yake na ya umbali peke yake. Ile kubwa unaichukua nzima, ndogo unaichukua nusu, unajumlisha.

Hammersbach mpaka Höllentalangerhütte, kibanda cha wapanda milima juu ya korongo, mita 1387. Tofauti ya kimo ni 629, hiyo ni saa 2 na dakika kama 6. Umbali weka kilomita 5, ni saa 1 na robo, nusu yake dakika 38. Jumla saa 2 na dakika 44. Humo hakuna kupiga picha, hakuna kula, hakuna mtoto anayetaka kurusha mawe mtoni. Kwa familia yako sema saa 4 kupanda.

Halafu angalia kidoti kwenye kibao: bluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ngumu. Ukiona nyeusi na uko na mtoto, geuka.

#5 Mngoni_wa_Isar
@Fundi_Ramani asante, hii sikuijua. @Nyakato_Jikoni nimekusoma. Bado swali la theluji.

#6 Chumvi_Kidogo
Theluji ni kivuli tu mkuu. Korongo ni jembamba, jua linaingia dakika chache kwa siku. Sehemu isiyoona jua haiyeyuki. Hata kwenye friji hakuna jua.

#7 Nyakato_Jikoni
Hapana @Chumvi_Kidogo. Partnach nayo ni nyembamba, nayo haioni jua, na Juni huoni theluji humo. Kingekuwa kivuli peke yake zote mbili zingejaa. Ya Höllental ni maporomoko ya theluji. Kule juu pande zote mbili ni miteremko mikali, wakati wa baridi na mwanzo wa machipuko theluji inashuka kwa kishindo na yote inaishia kwenye ule ufa. Ikishuka hivyo inashindiliwa, inakuwa ngumu kama zege. Ndiyo maana wanafungua kama Mei, mwaka mwingine wanachelewa, kwa sababu wafanyakazi wanaingia na kuchimba njia. Oktoba wanafunga tena.

#8 Chumvi_Kidogo
Partnach iko chini zaidi, ndiyo tofauti. Wewe mwenyewe umesema kibanda cha tiketi cha Höllental kiko 1045. Partnach haifiki huko. Kivuli pamoja na kimo. Bado nashinda.

#9 Dr_wa_Mawe
Mnasahau hewa. Juu ya bonde la Höllental kuna barafu ya kudumu, Höllentalferner. Ni kati ya barafu 4 tu zilizobaki Ujerumani. Zilikuwa 5, mwaka 2022 Südlicher Schneeferner ikaondolewa kwenye orodha kwa kuwa imekonda mno. Hewa baridi ni nzito, usiku inashuka kufuata bonde na inapita humo kwenye korongo. Maji nayo ya kuyeyuka ni ya baridi. Theluji iko kwenye bomba la ubaridi.

#10 Nyakato_Jikoni
@Dr_wa_Mawe kutoka barafu hiyo mpaka korongoni ni masaa ya kutembea, na katikati kuna bonde pana lenye nyasi. Hewa ikifika huko imeshapoa ubaridi wake.

#11 Dr_wa_Mawe
"Imeshapoa ubaridi." Nimeipenda.

#12 Mpiga_Jembe
Mimi nilipita mwishoni mwa Juni na kilichonishangaza ni rangi. Theluji ilikuwa kijivu, kokoto na matawi ya misonobari juu yake, mpaka nikadhani ni kifusi. Nikaigusa kwa kidole, chini ya kokoto ni barafu safi, na mto unanguruma ndani yake kama kuna gari limewashwa chumba cha pili. Nadhani ule uchafu mwingi ndio unaoilinda jua na hewa ya joto. Hapo hapo nitoe onyo: usipande juu ya hiyo theluji kwa ajili ya picha. Chini ni tupu, mto umeshakula katikati.

#13 Chumvi_Kidogo
Uchafu mweusi unavuta joto, unayeyusha zaidi. Darasa la sita hilo.

#14 Mpiga_Jembe
Ukiwa mwembamba unayeyusha. Ukiwa mnene unafunika. Darasa la saba hilo.

#15 Wa_Naivasha
Salamu kutoka Nakuru. Nyinyi mnabishana theluji, mimi naogopa mvua. Sisi tuna korongo la Ol Njorowa kule Hell's Gate, na naona wenzetu nao bonde lao wameliita la jehanamu, sijui watu wana nini. Septemba 1, 2019 maji yalishuka ghafla yakachukua watu 7, wageni 6 na mwongozaji wao. Aprili 2012 nako vijana wa kanisa 7 walisombwa palepale. Mvua inanyesha huko juu, wewe uko chini unaona mawingu kidogo tu, halafu maji yanakuja ya rangi ya chai ya maziwa na huna pa kupandia kwa sababu kuta ni wima. Hayo makorongo ya Alps hayana tabia hiyo?

#16 Nyakato_Jikoni
@Wa_Naivasha yana tabia hiyohiyo. Agosti 16, 2021 baada ya mvua kubwa wimbi la maji lilishuka Höllentalklamm, likang'oa daraja, mwanamke mmoja akafa. Watu wengine waliokwama ndani waliokolewa. Tulisikia helikopta siku nzima.

Ndiyo maana nasema siku ya kwenda haichaguliwi na kalenda ya likizo. Kiangazi hapa mvua za radi zinakuja mchana na jioni. Asubuhi mbingu ni bluu kabisa, saa nane mchana mlima umevaa kofia, saa tisa umeme unapiga. Ingia korongoni asubuhi, mchana uwe umeshatoka.

#17 Mzaramo_Kempten
Naunga mkono, nami naongeza la kwetu. Jirani na hapa kuna Breitachklamm, Oberstdorf, ndefu kilomita 2 na nusu, imefunguliwa kwa watu tangu 1905 baada ya padri wa kijiji kuhamasisha wenzake njia ichongwe. Septemba 1995 kipande cha mlima kiliporomoka humo ndani, kama mita za ujazo 50,000 za mawe. Mawe yakaziba mto. Nyuma yake likajaa ziwa, miezi inapita, kila mtu anasema hicho kizibo kimekaa sawa. Machi 1996 kikapasuka, mita za ujazo 300,000 za maji zikateremka kwa mkupuo, zikachukua madaraja na njia. Kwa bahati mwezi huo hakukuwa na watu ndani. Leo ukipita wanakuonyesha yale mawe.

Mngoni, kama una gari fikiria hiyo Breitach. Kutoka München ni mbali kuliko Garmisch lakini njia yake ni ya upole.

#18 Fundi_Ramani
Hata mto Partnach si mpole. Agosti 2005 mvua kubwa iliharibu Blaue Gumpe, kiziwa cha buluu kilichokuwa juu huko bonde la Reintal, mawe na kokoto vikakijaza. Watu bado wanapanda wakiwa na picha za zamani za kadi za posta wanakitafuta. Na hapo Partnachklamm kwenyewe, Juni 1991 mwamba uliporomoka ukaziba njia, ikabidi wachimbe handaki jipya kupita pembeni. Kwa hiyo tusimdanganye mtu kwamba kuna korongo la salama na la hatari. Kuna siku ya salama na siku ya hatari.

#19 Kibosho_Juu
Sasa mmemtisha mtu abaki nyumbani aangalie televisheni. Mimi swali langu: hao Wajerumani walipokuja kwetu 1889 kupanda Kibo, walijifunzia huku?

#20 Dr_wa_Mawe
Hans Meyer, kiongozi wa safari hiyo, alikuwa na pesa za mchapishaji vitabu wa Leipzig. Mpanda milima hasa alikuwa yule mwenzake, Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Salzburg aliyezipanda Alps sana bila waongozaji. Kwenye barafu ya Kibo yeye ndiye aliyekuwa anajua anachofanya. Meyer akapata jina.

#21 Kibosho_Juu
Na Mzee Lauwo wa Marangu je? Kwetu tunasema yeye ndiye aliyewaonyesha njia.

#22 Wa_Naivasha
Hapo mmeanza uzi mwingine. Rudini korongoni.

#23 Binti_Mutrah
Nawasoma nikiwa Muscat ambako ni joto la kufa mtu, mnaongelea theluji ya Juni mnanionea. Swali dogo: kuna mtu ameniambia ukipita Partnach ukaendelea kupanda unafika kwenye nyumba ya mfalme yenye ukumbi wa Kituruki. Ni kweli au utani?

#24 Nyakato_Jikoni
Kweli kabisa dada. Ni Schachen, nyumba ya mbao ya mfalme Ludwig II, mita 1866 hivi. Nje ni ya kawaida, ghorofani kuna ukumbi wa mapambo ya dhahabu, mito ya kukalia na vioo vya rangi. Alikuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa humo. Lakini ni kupanda kwa masaa mengi, si kwa mama mkwe.

#25 Binti_Mutrah
Mtu anapanda mlima wote huo akakae kwenye majlisi. Namuelewa.

#26 Mpiga_Jembe
Turudi kwa vifaa. Viatu viwe na soli yenye meno, raba za mjini zinateleza kwenye mwamba uliolowa. Soksi za akiba kwa mtoto. Höllental mimi ningemvalisha mtoto kofia ngumu, mawe madogo yanadondoka, hata kichwa cha mtu mzima kinagonga dari la handaki. Hata ya baiskeli ni bora kuliko hakuna. Jaketi jepesi kwa wote: nje nyuzi 24, ndani ya korongo meno yanagongana. Beba fedha taslimu, vibanda vya milimani si vyote vinapokea kadi. Na simu msiitegemee ndani, mtandao unakatika.

#27 Fundi_Ramani
Mtandao ukikatika kuna ishara ya dhiki ya Alps: ishara 6 ndani ya dakika moja, kwa filimbi, tochi au kelele, halafu nyamaza dakika moja, rudia. Anayejibu anatoa 3 kwa dakika. Mfundishe binti, ataipenda. Mtandao ukiwepo piga 112, watawaita waokoaji wa milimani, Bergwacht.

#28 Chumvi_Kidogo
Akifundishwa binti wa miaka 8 atapuliza filimbi kuanzia Pasing mpaka Garmisch.

#29 Mjukuu_wa_Lindi
Mimi napingana na nyote kidogo. Kwa nini mnamchagulia mama wa watu? Miaka 61 analima. Mwonyesheni video ya Höllental achague. Mama wa kwangu walimwekea kiti kwenye gari la farasi, akakikataa, akatutangulia.

#30 Mngoni_wa_Isar
@Mjukuu_wa_Lindi nimefanya hivyo jana usiku. Ameangalia kimya, mwisho akauliza, "Hao wanalipa kuingia humo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema yeye anaomba ile ya farasi.

Kwa hiyo mpango ni Partnach. Treni ya mapema, tunaingia korongoni kabla watu hawajajaa, tunatokea juu, halafu nimeona kuna njia ya kwenda Eckbauer, mita 1237, na pale kuna kebo ya kushuka mpaka uwanjani. Hiyo inafaa?

#31 Nyakato_Jikoni
Inafaa, ila ujue kutoka mwisho wa korongo mpaka Eckbauer ni kupanda kwa kweli, njia ya kona kona. Kama mama amechoka rudini kulekule mlikotoka, korongo linaonekana jipya ukilipita kinyume, mwanga unatoka upande mwingine. Na usiku wa kabla angalia kama limefunguliwa. Mvua kubwa ikinyesha au theluji ya juu ikiyeyuka kwa wingi wanafunga bila kuomba radhi.

#32 Mngoni_wa_Isar
Sawa dada. Höllental nitaenda mwenyewe na mke mwezi Agosti, mtoto atabaki na bibi yake. Hapo naweza kufika kibandani, na kurudi nipite ile njia ya juu ya korongo. Kuna mwenye uzoefu nayo?

#33 Mpiga_Jembe
Stangensteig. Ni ya zamani kuliko njia ya korongoni. Kule juu kulikuwa na machimbo ya madini, molibdeni, ya kutia kwenye chuma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nyumba za wachimbaji bado zipo kwenye ramani kwa jina la Knappenhäuser. Kuna daraja la chuma linavuka korongo lote, ukiangalia chini ni zaidi ya mita 70 na unawaona watu kama sisimizi wenye makoti ya rangi. Mke wako amerithi kwa mama yake au kwa baba?

#34 Mngoni_wa_Isar
Kwa mama.

#35 Mpiga_Jembe
Basi rudini kwa njia ya korongoni.

#36 Kibosho_Juu
Na msishawishike kuendelea mpaka kileleni Zugspitze kwa sababu "tumeshafika kibandani". Baada ya pale kuna vyuma vya kukanyaga vilivyopigiliwa kwenye ukuta wa mwamba, kuna barafu yenye nyufa, kuna kamba ya chuma mpaka juu. Wanaoenda wana mikanda, kofia ngumu na njumu za barafu, na wanaanza usiku. Hapo hata mimi wa Kibosho sitanii.

#37 Chumvi_Kidogo
Agosti mkipita angalieni kama theluji bado ipo. Ikiwepo ni kivuli.

#38 Nyakato_Jikoni
Ikiwepo ni kwa sababu poromoko la mwaka huu lilikuwa kubwa.

#39 Dr_wa_Mawe
Beba kipimajoto, pima hewa mdomoni mwa korongo alfajiri na mchana. Ulete namba hapa.

#40 Mzaramo_Kempten
Jambo la mwisho la tiketi. Kama una Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mkoa, wewe na mke, mama mkwe hana. Mkatieni Bayern-Ticket, tiketi ya siku moja ya jimbo zima. Siku za kazi inaanza kutumika saa 3 asubuhi, watu wengi wanapigwa faini kwa kupanda treni ya saa moja.

#41 Mngoni_wa_Isar
Saa 3 yetu au yao?

#42 Mzaramo_Kempten
Yetu. Kwao 9. Lakini wewe unaenda Jumamosi, inaanza tangu usiku wa manane, panda treni yoyote ya mkoa unayotaka. Ila usipande zile za kasi, haziihusu.